Uganda: Kwa nini haki ya watu wenye ulemavu kufika popote Kampala huamuliwa mlangoni

Katika vitabu vya sheria, Uganda ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizotangulia kuwalinda watu wenye ulemavu. Katiba yake ya mwaka 1995 inawataja waziwazi, Bunge limewatengea viti, na lugha ya alama iliingizwa katika Katiba hiyo wakati mataifa mengi duniani yalikuwa bado hayajaitambua.

Lakini katika mitaa ya Kampala, haki hizo husimamiwa na watu ambao huenda hawajawahi kuzisoma: mlinzi anayepekua mikoba kwenye mlango wa benki, konda anayepakia abiria kwenye kituo cha teksi, na mhudumu wa mapokezi katika zahanati. Uamuzi wao huchukua sekunde chache, haundikwi popote, na kwa anayekataliwa huwa ndio hukumu ya mwisho ya siku hiyo.

Suala la wanyama wasaidizi, hususan mbwa waliofunzwa kuwaongoza watu wasioona, linauweka wazi udhaifu huo. Mbwa wa aina hiyo ni nadra nchini Uganda. Hata hivyo, swali wanaloliibua linawahusu maelfu ya watu ambao hawajawahi kumiliki mbwa: mtu mwenye ulemavu anapofika mlangoni akiwa na kile kinachomwezesha kutembea, kuona au kuwasiliana, je, anayekikataa kitu hicho hajamkataa mtu mwenyewe?

Ahadi zilizoandikwa

Ibara ya 21 ya Katiba ya Uganda inakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, ukiwemo ulemavu. Ibara ya 32 inaitaka serikali kuchukua hatua maalumu kwa ajili ya makundi yaliyoachwa nyuma, na ibara ya 35 inatamka kuwa watu wenye ulemavu wana haki ya kuheshimiwa na kulindiwa utu wao.

Septemba 25, 2008, Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu pamoja na itifaki yake ya hiari, ambayo humruhusu mtu binafsi kupeleka malalamiko yake kwa kamati ya mkataba huo baada ya njia za kisheria za ndani ya nchi kumalizika.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2006 ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na sheria mpya ya mwaka 2020. Sheria hiyo inakataza ubaguzi katika utoaji wa huduma, na kuunda upya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Wamiliki wa majengo yanayotoa huduma kwa umma wana wajibu wa kuyafanya yafikike. Kwa upande wa ujenzi, ipo pia Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013, na mwaka 2019 ikatolewa kanuni mahususi ya viwango vya ufikikaji.

Wanaohusika si wachache. Sensa ya mwaka 2014 ilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 12 ya Waganda wenye umri wa miaka miwili na kuendelea walikuwa na ulemavu wa aina fulani. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu takriban milioni 45.9 nchini humo. Iwapo uwiano huo haujabadilika sana, idadi ya watu wanaozungumziwa hapa ni ya mamilioni.

Ngazi, teksi na dakika moja

Kampala ni jiji la vilima, na sehemu kubwa ya biashara zake imo ndani ya majengo ya ghorofa yenye vijiduka vilivyobanana, korido nyembamba na ngazi kali. Palipo na lifti, umeme ukikatika lifti husimama. Palipo na njia ya mteremko ya kupandishia kiti cha magurudumu, wakati mwingine huwa imejengwa kwa mwinuko ambao hata mtu mwenye nguvu hawezi kuupanda bila kusukumwa.

Usafiri nao unategemea zaidi bodaboda na mabasi madogo ya abiria 14 ambayo wakazi huyaita teksi. Gari hilo halikutengenezwa kwa ajili ya kiti cha magurudumu. Konda anayehesabu muda na abiria huona hasara mara mbili: dakika za kumsubiri mtu apande, na nafasi itakayochukuliwa na kiti chake. Malalamiko ya watumiaji wa viti hivyo kupitwa kituoni, au kutozwa nauli ya ziada kana kwamba kiti ni mzigo, yamekuwa yakitolewa kwa miaka mingi na mashirika yanayowatetea.

Kwa mtu asiyeona anayetembea na mwongozaji, hesabu ni ya namna nyingine. Safari moja huwa na nauli mbili. Kwenda hospitali mara nne kwa mwezi ni kulipa mara nane kwenda na mara nane kurudi.

Ili kuelewa ni nani anayewajibika kwa lipi, inafaa kukumbuka tofauti iliyofafanuliwa mwaka 2014 na kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo. Kamati ilitenganisha wajibu wa aina mbili. Wa kwanza ni maandalizi yanayofanywa mapema kwa ajili ya kundi zima, bila kusubiri mtu yeyote aombe: njia za mteremko, milango mipana, lifti zenye maandishi ya nukta nundu. Wajibu wa pili hujitokeza pale mtu fulani anapofika akiwa na hitaji fulani, na anayemhudumia akapaswa kurekebisha utaratibu wake ili ahudumiwe. Kukataa marekebisho hayo, yanapokuwa hayaleti mzigo usiobebeka, ni ubaguzi kwa mujibu wa ibara ya 2 ya mkataba.

Wajibu wa kwanza unahitaji wahandisi, bajeti na miaka. Wa pili, mara nyingi, unahitaji dakika moja ya konda na agizo moja kwa mlinzi. Huu wa pili ndio usiozungumzwa sana Kampala, ingawa gharama yake ni ndogo.

Msaada wenye uhai

Mkataba wa Umoja wa Mataifa hauishii kwenye zege na vyuma. Ibara zake za 9 na 20 zinazitaka nchi wanachama kurahisisha upatikanaji wa msaada unaotolewa na viumbe hai na watu wa kati, wakiwemo waongozaji, wasomaji na wakalimani wa lugha ya alama. Wanasheria wengi huyasoma maneno hayo kuwa yanawajumuisha pia wanyama waliofunzwa.

Uganda tayari inaufahamu msaada wa aina hiyo, na imeupa nafasi katika maeneo yake nyeti kabisa. Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, alipoingia bungeni mwaka 1996 kama mwakilishi wa watu wenye ulemavu, alifanya kazi yake kwa msaada wa mkalimani wa lugha ya alama. Sheria za uchaguzi nazo humruhusu mpiga kura asiyeweza kuweka alama kwenye karatasi kwa sababu ya ulemavu kuingia na mtu wa kumsaidia. Kura ni siri, lakini sheria ilitambua kuwa siri hiyo isingekuwa na maana kama mwenye kura angebaki nje.

Ikiwa chumba cha kupigia kura kinaweza kumpokea mtu wa pili, ni vigumu kueleza kwa nini kaunta ya benki ishindwe.

Hata hivyo, msaada wa binadamu una gharama zake zisizoonekana kwenye nauli. Mwongozaji husikia kila kitu: majibu ya vipimo vya hospitali, namba ya siri ya akaunti, mazungumzo na wakili. Katika familia zisizo na uwezo, mwongozaji huwa mtoto, na saa anazomwongoza mzazi au babu yake ni saa ambazo hakai darasani. Mtu mzima anayetaka kutoka nyumbani hulazimika kusubiri mtu mwingine apate nafasi.

Hapo ndipo hoja ya mbwa mwongozaji inapopata uzito. Mbwa hasikilizi majibu ya daktari, halipiwi kiti akilala miguuni pa mwenye naye, na haachi masomo. Mafunzo yaliyopangwa ya mbwa wa kuwaongoza wasioona yalianza Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya wanajeshi waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza. Afrika Kusini ina shirika linalowafunza mbwa hao tangu mwaka 1953.

Kikwazo kikubwa ni fedha. Kumzalisha, kumfunza na kumtunza mbwa mmoja katika nchi zilizoendelea hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Kwa hiyo hakuna anayetarajia kuwaona mbwa hao kwa wingi Kampala hivi karibuni. Lakini jiji hilo hupokea wageni, wanafunzi, wafanyakazi wa mashirika na Waganda wanaorejea kutoka ughaibuni, na baadhi yao wanaweza kuwasili na mbwa. Haki haisubiri wenye kuidai wawe wengi.

Mbwa katika macho ya jiji

Si haki kuwalaumu walinzi na makonda kana kwamba hofu yao haina msingi. Kwa wakazi wengi wa Kampala, mbwa ni mlinzi wa geti, mnyama wa kuogopwa usiku, au koko anayezurura kwenye majalala. Kichaa cha mbwa bado kinaua nchini Uganda, na ipo sheria maalumu kuhusu ugonjwa huo inayozipa mamlaka nguvu ya kuwadhibiti na hata kuwaua mbwa. Mtu aliyelelewa katika mazingira hayo hawezi kutegemewa kumtambua mbwa msaidizi kwa kumtazama tu, ikiwa hakuna aliyewahi kumweleza.

Usalama nao una historia yake. Tangu mashambulizi ya mabomu ya Julai 11, 2010 yaliyoua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia jijini humo, upekuzi mlangoni umekuwa sehemu ya maisha ya Kampala. Mlinzi amefundishwa kutilia shaka kila kisicho cha kawaida.

Na bado, jiji hilo linawajua mbwa wanaofanya kazi. Kikosi cha mbwa cha polisi hutumika kufuatilia nyayo za wahalifu, na wananchi wenyewe huomba kiletwe wizi unapotokea. Katika uwanja wa ndege wa Entebbe, mbwa waliofunzwa kunusa pembe za ndovu na nyara nyingine hukaguza mizigo ya wasafiri. Hakuna anayeuliza kwa nini mbwa ameingia ndani ya jengo, kwa sababu kila mtu anaelewa kazi iliyomleta.

Kaskazini mwa nchi, mjini Gulu, mtazamo umebadilishwa kwa njia nyingine. Shirika la The BIG FIX Uganda huendesha huko mradi unaowachukua mbwa wasio na makazi, kuwachanja, kuwafunza na kuwaunganisha na watu wanaoishi na majeraha ya kisaikolojia yaliyotokana na vita vya waasi wa Lord's Resistance Army. Miongoni mwa viongozi wake ni Francis Okello Oloya, ambaye alipoteza uwezo wa kuona utotoni kutokana na mlipuko wa bomu.

Mfano wa Gulu unaonyesha kuwa jamii inaweza kumtazama mbwa upya ikiona faida yake. Lakini unahitaji pia kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa mbwa anayempa mtu faraja si lazima awe na hadhi sawa kisheria na mbwa aliyefunzwa kazi maalumu. Tofauti hiyo ndiyo iliyozifanya nchi nyingine kuandika kanuni zilizo wazi.

Wengine walivyoijibu

Nchini Marekani, kanuni zilizoanza kutumika Machi 15, 2011 chini ya Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990 zinamtambua mbwa aliyefunzwa kufanya kazi inayohusiana na ulemavu wa mwenye naye. Mbwa wa faraja pekee haingii katika kundi hilo. Mfanyakazi wa duka au hoteli anaruhusiwa kuuliza maswali mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kufanya kazi gani? Haruhusiwi kudai cheti, wala kuuliza mtu anaumwa nini. Lakini mbwa akileta vurugu na mwenye naye akashindwa kumdhibiti, anaweza kutakiwa kumtoa.

Uingereza, kupitia Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, inawataka madereva wa teksi kumchukua abiria na mbwa wake msaidizi bila nauli ya ziada. Dereva mwenye sababu ya kiafya, kama vile mzio mkali, huomba cheti cha msamaha mapema. Kwa njia hiyo hofu ya dereva inasikilizwa, ila haiachiwi kuwa kisingizio cha ghafla barabarani.

Afrika Kusini ilichukua mkondo mpana zaidi. Sheria yake ya usawa ya mwaka 2000 inahesabu kuwa ni ubaguzi kumnyima au kumwondolea mtu mwenye ulemavu nyenzo yoyote inayomwezesha kuishi katika jamii. Maneno hayo yanatosha kumlinda mwenye fimbo nyeupe, mwenye kiti cha magurudumu na mwenye mbwa kwa pamoja, bila kutaja orodha.

Dini pia imepata jibu lake. Waislamu wengi, wakiwemo wa Afrika Mashariki, huyaona mate ya mbwa kuwa najisi, na hilo si jambo la kupuuzwa. Mwaka 2008, katika mji wa Leicester nchini Uingereza, ilitolewa fatwa iliyomruhusu kijana Mwislamu asiyeona kufika msikitini na mbwa wake mwongozaji. Mbwa alitengewa mahali pa kupumzika nje ya ukumbi wa swala, na kijana akaingia kuswali. Usafi wa mahali pa ibada ulilindwa, na muumini hakurudishwa nyumbani.

Nani atailinda ahadi?

Uganda haina upungufu wa vyombo. Tume ya Fursa Sawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, ina mamlaka ya kusikiliza malalamiko ya ubaguzi. Ibara ya 50 ya Katiba na Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019 zinamfungulia mlango wa mahakama mtu yeyote ambaye haki yake, au ya mwenzake, imekiukwa. Mamlaka ya Jiji la Kampala huidhinisha ramani za majengo, na polisi husimamia kampuni binafsi za ulinzi.

Tatizo ni umbali uliopo kati ya vyombo hivyo na mlango. Mtu aliyepitwa na teksi asubuhi akiwa njiani kwenda kazini hawezi kufungua kesi jioni kwa ajili ya nauli ya siku moja. Aliyezuiwa benki hutafuta benki nyingine. Kila tukio likitazamwa peke yake linaonekana dogo, na kwa hiyo mengi hayafikishwi popote. Ukimya huo hugeuka kuwa ushahidi wa uongo kwamba hakuna tatizo.

Kwa mtazamo wa kisheria, hoja haihitaji kusubiri kifungu kinachomtaja mbwa kwa jina. Kama ni marufuku kumbagua mtu katika huduma, na kama kukataa marekebisho yanayowezekana ni ubaguzi, basi bango la kukataza mbwa haliwezi kutumika kwa namna ileile kwa mbwa kipenzi na kwa mbwa anayefanya kazi ya macho ya mtu. Lakini hoja iliyo sahihi mahakamani haimsaidii mlinzi asiyeijua saa mbili asubuhi.

Ndiyo maana mwongozo wa kiutawala una thamani kubwa kuliko ukubwa wake. Ungeweza kueleza, kwa kurasa chache za Kiingereza, Kiganda na Kiswahili, kwamba kiti cha magurudumu si mzigo. Kwamba mwongozaji au mkalimani huingia pamoja na anayemhudumia. Kwamba mbwa aliyefunzwa na kuchanjwa huruhusiwa akiwa chini ya udhibiti wa mwenye naye. Na maswali gani mlinzi anaweza kuuliza bila kumdhalilisha mtu. Ungeeleza pia lini kukataa ni halali, ili walinzi na madereva wasiachwe wakibahatisha.

Mafunzo ya walinzi, masharti ya leseni za usafiri na ukaguzi wa majengo ni njia ambazo tayari zipo za kuufikisha mwongozo huo kwa wanaohusika. Hakuna kati ya hizo inayohitaji sheria mpya bungeni.

Mwezi Aprili 2016, kamati ya Umoja wa Mataifa ilijadili mjini Geneva ripoti ya kwanza ya Uganda kuhusu utekelezaji wa mkataba. Mwaka 2024, itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za watu wenye ulemavu, iliyopitishwa Addis Ababa mwaka 2018, nayo ilianza kutumika. Ripoti zitaendelea kuandikwa na vikao vitaendelea kufanyika. Kwa mkazi wa Kampala anayetembea kwa fimbo, kwa magurudumu, kwa mkono wa mtoto au, siku moja, kwa kamba ya mbwa, kipimo kitabaki kilekile: alikwenda alikokuwa akienda, au alirudishwa.